Malindi hadi Manda ni Mbali Gani?

Msomaji, ukiulizwa umbali uliopo baina ya uwanja wa ndege wa Malindi na ule wa Manda unaowahudumia watu wa Lamu, utajibu nini? Aliye na ramani na rula atasema ni kilomita 140 hivi kwa mstari ulionyooka, nazo ni kama maili 76 kwa kipimo wanachokitumia mabaharia na marubani. Hatakuwa amekosea. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kuwa njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeanza kushuku kwamba rula ni mmoja wa waongo waliokusudiwa.

Alfajiri moja ya mwezi wa Agosti 2022 nilikuwa Malindi kwa shughuli za utafiti. Simu ililia saa kumi na moja na robo, na simu iliayo wakati huo haina haja ya kuelezewa. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa ameaga dunia huko Lamu usiku huo. Ndiye aliyenilea miaka mitatu ya utoto wangu, na ndiye aliyenifundisha kwamba njia waweza kuiita ndia bila ya kuwa mjinga, jambo ambalo mwalimu wangu wa darasa la pili hakulikubali. Binamu yangu akaniambia, "Kaka, tunamzika leo baada ya sala ya alasiri. Twakungoja, lakini wajua mambo ya maiti."

Nilijua. Kwetu maiti halazwi. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, na alasiri ingeingia mnamo saa tisa na nusu. Nilikuwa na saa tisa na ushei za kuvuka kilomita 140. Mkimbiaji hodari wa baiskeli angejaribu.

Nikaanza kuuliza. Karani wa ofisi moja ya ndege, ambayo sitaitaja, alinijibu kwa adabu kwamba kutoka Malindi hadi Lamu ni dakika thelathini na tano. Nikamshukuru Mungu. Kisha akaongeza kwamba safari hiyo haikuwapo siku hiyo wala kesho yake, ila angeweza kunipeleka Nairobi kwa ndege ya asubuhi, nami nikifika Nairobi nihame uwanja mmoja kwenda mwingine kwa teksi, kisha nipande ndege nyingine ya kwenda Lamu, iwapo nitaiwahi. Karani wa basi alisema ni saa tano, "tukijaaliwa". Hatimaye, nikiwa nimesimama njiani nje ya afisi hiyo nisijue la kufanya, nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu barazani. Nilipomweleza msiba wangu alinipa pole, akatazama juu, akasema, "Mwanangu, kwa kusi hili ungepata chombo jana jioni, leo adhuhuri ungekuwa Lamu."

Watu watatu, majibu matatu. Na hakuna hata mmoja aliyenitajia kilomita.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mtu wa kazi yangu ana ugonjwa wa kusikiliza maneno hata pale ambapo angepaswa kulia. Ndani ya basi siku hiyo nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuyatafakari. Kiswahili kina maneno matatu ambayo kamusi zetu huyafasiri kana kwamba ni mamoja. Kuna umbali, nomino iliyoundwa kutokana na mbali, nayo hueleza hali ya vitu viwili kutokuwa pamoja. Nyota zina umbali ijapokuwa hakuna azifikiaye. Kuna masafa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo siku hizi limepata kazi mpya: wanariadha wetu hukimbia mbio za masafa marefu, na stesheni za redio hutangaza katika masafa fulani. Halafu kuna mwendo. Hili limetokana na kitenzi kwenda. Mwendo hauwezi kuwapo pasipo mwenye kwenda. Mswahili akisema kwamba kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa saa mbili, amekwisha kumtia mtu njiani, na miguu yake, na mzigo wake, na jua juu ya kichwa chake.

Watu watatu wale walinipa mwendo. Serikali zetu, tangu ile ya mkoloni hadi hizi za leo, hutupa umbali. Bango la barabarani huandikwa jina la mji na idadi ya kilomita, basi. Hata mwanasiasa akija kuomba kura hujivunia kilomita za lami alizozileta. Sijamsikia aliyesimama jukwaani akasema, "Nimewapunguzieni saa moja na nusu baina yenu na hospitali."

Hebu tuitazame njia yenyewe. Anayekwenda Lamu kwa gari kutoka Malindi haelekei Lamu. Huelekea kaskazini, akipita Gongoni na Marereni ambako mashamba ya chumvi hung'aa kama vioo, akaenda hadi karibu na Garsen, kisha ndipo hupinda mashariki kupitia Minjila, Gamba na Witu hadi Mokowe. Sababu yake ni mto Tana. Mto huo umeitandaza delta yake baina ya miji hii miwili, na aliyejenga barabara ililazimu auzunguke. Ndiyo maana kilomita 140 za kunguru huwa 220 za binadamu. Na mwisho wa hizo 220 si Lamu bado, kwani Mokowe ni bara na Lamu ni kisiwa. Unashuka, unabeba mzigo wako, unapanda boti.

Hayo ni ya maumbile, na maumbile hayalaumiwi. Lakini mwendo wa njia ile una mambo mengine. Tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, na mashambulizi yaliyofuata Gamba na Witu, barabara ile imekuwa na saa zake. Magari yamewahi kukatazwa usiku, yamewahi kukusanywa na kusindikizwa na polisi, na abiria wameteremshwa mara kwa mara waonyeshe vitambulisho. Sisemi haya kwa kulalamikia ulinzi. Basi lilishambuliwa Nyongoro mwezi wa Januari 2020 na watu wakafa. Anayepanda basi la Lamu hana haja ya kufundishwa kwa nini askari wapo. Nasema tu kwamba hofu nayo ni kipimo cha njia, ijapokuwa hakiandikwi kwenye bango. Kisha huja maji. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Nino zilipofurisha Tana, barabara ilizama maeneo ya Gamba na Lango la Simba, na abiria wakakwama hapo. Wiki hizo Lamu haikuwa mbali na Malindi wala karibu. Haikufikika.

Kwa mwenye ndege mambo ni mengine kabisa. Niliwahi kuirukia njia hiyo, katika miaka ambayo ndege ndogo zilikuwa zikitua Malindi kisha zikaendelea hadi Lamu, na sijaona safari fupi iliyo tamu kuliko hiyo. Ndege huinuka, ikayaacha majumba ya Malindi upande mmoja na miamba ya matumbawe upande mwingine, ikaikata Ghuba ya Ungwana. Hapo Kipini unauona mto Tana ukimwaga maji yake mekundu baharini, na wekundu huo ukatambaa mbali kabla ya kuliwa na buluu. Halafu vikatokea visiwa, mikoko, na ule ukanda wa lami kisiwani Manda. Ndege ndogo ya abiria kumi na wawili hivi yenye kwenda kilomita 300 kwa saa huzivuka kilomita 140 kwa muda usiofika nusu saa. Ratiba huandika zaidi ya hapo kwa sababu wenye ndege huhesabu muda tangu chombo kinapoanza kusogea maegeshoni hadi kinaposimama upande wa pili, na katika safari fupi namna hii, kutambaa ardhini, kupanda na kushuka ndiko kunakoula wakati kuliko kuruka kwenyewe.

Lakini na tuwe waadilifu. Dakika thelathini na tano za karani pia zina uwongo wake mdogo. Utatakiwa ufike uwanjani saa nzima kabla. Utapekuliwa, utapima mzigo, utakaa. Na ukitua Manda hujafika Lamu, kwa kuwa uwanja wa Lamu hauko Lamu. Uko kisiwa cha pili, ng'ambo ya mkondo wa maji, na utashuka ngazi za gatini kuingia botini. Kutoka mlango wa nyumba ya Malindi hadi mlango wa nyumba ya Lamu, kwa ndege ya moja kwa moja, nahesabu saa mbili na nusu. Bado ni nusu ya saa za basi katika siku njema.

(Kwa kuwa nimelitaja jina la Manda, ruhusa nitie neno. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji walipokishambulia kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay, watu wengi walidhani walioshambuliwa ni abiria wa uwanja wa Lamu. Kiwanja hicho kipo bara, upande wa Magogoni, wala si kisiwani. Majina mawili yanayokaribiana yanaweza kuuogofya mji mzima, na kuwafukuzia wageni ambao hawakuwa hatarini pale.)

Sasa turudi kwenye lile pendekezo la kunipitisha Nairobi, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kutoka Malindi hadi Nairobi, kwa mstari wa kunguru, ni zaidi ya kilomita 420. Kutoka Nairobi hadi Manda ni kama 470. Yaani niliambiwa niruke kilomita 890 ili nizivuke 140, mara sita na zaidi ya umbali wenyewe. Ningeipa kisogo bahari, nipande nyika hadi kwenye baridi ya Nairobi, nikatishe mji ule wenye msongamano, kisha nirudi pwani ile ile niliyotoka. Na nauli ya kufanya hivyo siku hiyo ilikuwa karibu na mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi.

Msomaji wa bara huenda akaliona jambo hili kuwa la kawaida. Ndivyo nchi yetu ilivyojengwa. Reli, barabara kuu, simu na afisi zote zilitandazwa kama vijiti vya mwamvuli, kila kijiti kikianzia Nairobi. Aliye kwenye ncha ya kijiti kimoja akitaka kumtembelea jirani yake aliye kwenye ncha ya kijiti cha pili, sharti arudi kwanza kwenye mpini. Jaribu kutoka uwanja wa Kisumu kwenda ule wa Eldoret kwa ndege, viwanja ambavyo havitengani hata kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, uone kama hutajikuta ukinywa chai Nairobi. Lakini Kisumu na Eldoret zina barabara ipandayo Kapsabet ambayo haifungwi kwa sababu ya risasi. Malindi na Lamu hazina mbadala wa namna hiyo.

Na kwa watu wa pwani jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa hawakuwa hivyo. Kabla ya kuwapo Nairobi, pwani hii ilikuwa njia moja. Mwamu alioa Malindi, Mmalindi aliuza mtama Pate, mashairi yalisafiri ndani ya majahazi pamoja na mchele. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi hakupewa maji na matunda peke yake. Alipewa rubani wa kumvusha Bahari Hindi, na mwezi uliofuata alikuwa Calicut. Neno lenyewe rubani, ambalo leo tunampa mwenye kofia na miwani myeusi, lilikuwa la mtu wa chomboni karne nyingi kabla ya kubuniwa ndege. Nauli nayo ni neno la bahari. Abiria alipanda jahazi kwanza. Tulipopata ndege hatukuhitaji msamiati mpya, tuliuhamisha tu wa mababu kutoka majini kuupeleka hewani. Kilichotushinda kuhamisha ni njia zenyewe.

Yule mzee mshona wavu alikuwa na hoja nyingine ambayo niliielewa baadaye. Kwake yeye, kwenda Lamu na kutoka Lamu si mwendo mmoja. Kusi likivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, chombo kiendacho Lamu kina upepo tangani na mkondo nyuma yake, kikirudi, kinahangaika. Kaskazi likiingia mwezi wa Desemba, mambo hugeuka. Umbali haubadiliki hata shubiri moja, ila mwendo wa kwenda huwa siku na wa kurudi huwa siku tatu au nne. Basi waliosafiri hivyo hawangeweza kuwa na mazoea ya kuuliza, "Ni umbali gani?" Waliuliza, "Ni msimu gani?" Nasi watoto wao, wenye barabara na viwanja vya ndege, bado twauliza swali lile lile kwa maneno mengine: je, lami imezama? Je, msafara wa polisi umekwisha kuondoka? Je, leo ni siku ya ndege?

Lipo jambo la pili linalourefusha mwendo, nalo linanihusu zaidi kwa kazi yangu. Ni saa.

Miaka michache iliyopita, katika uwanja mmoja wa ndege wa pwani, nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa juu ya sanduku lake akilia kimya kimya, na kijana wake amesimama kando kama aliyepigwa. Ilikuwa saa sita mchana. Mama alikuwa na miadi ya kutazamwa macho na daktari bingwa Nairobi, miadi aliyoingoja tangu mfungo wa Ramadhani. Ofisi iliyomwuzia tikiti, kwa nia njema kabisa ya kumwandikia mteja kwa lugha yake, ilimtumia ujumbe wa simu uliosema ndege itaondoka "saa 7:00". Naye aliusoma kama vile mimi na wewe tungeusoma. Saa saba. Akaswali, akala, akafika saa nzima kabla ya wakati kama alivyoagizwa. Ndege ilikuwa imeondoka saa moja asubuhi.

Karani alimwambia kwamba kosa ni lake, kwani saa saba za mchana zingeandikwa 13:00. Sikubali. Ukimwandikia mtu kwa Kiswahili umeingia nyumbani mwake, na katika nyumba hiyo saa zina hesabu yake. Siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na tena linapotua. Saa ya kwanza baada ya kupambazuka ni saa moja. Hapa karibu na ikweta, ambapo mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, hesabu hiyo ni ya busara kuliko ile ya kuanzia usiku wa manane, wakati ambapo hakuna aliye macho isipokuwa mlinzi na mwizi. Haina upungufu wowote. Upungufu ni wa mtu anayeandika Kiswahili kwa maneno, na Kiingereza kwa tarakimu, ndani ya sentensi moja.

Na si saa peke yake. Mzee wa Lamu akikwambia "usiku wa Ijumaa", huenda akakusudia usiku ule ambao kalenda ya ofisi huuita Alhamisi, maana kwa hesabu ya kale, ambayo pia ni hesabu ya Kiislamu, jua likitua siku mpya imekwisha ingia. Magazeti yetu yamelitatua tatizo hilo vizuri kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na ningependa kumjua mhariri aliyelianzisha ili nimpe mkono. Kwa nini wauza tikiti wasijifunze hapo? Andika: Jumanne, saa moja asubuhi, na kando yake 07:00. Wino wa ziada hauzidi tone. Mama yule angeliwahi kutazamwa macho.

Nimewahi kuyasema haya mbele ya wachumi, nao walinisikiliza kwa upole wanaowapa washairi. Walinieleza kwamba ndege haziruki kwa huruma. Kwamba abiria baina ya Malindi na Lamu ni wachache. Kwamba kuitua ndege na kuirusha tena baada ya nusu saa ni gharama ya mafuta, ya matairi, ya ada za uwanja. Kwamba mashirika yaliyojaribu yaliacha kwa sababu hizo. Nakiri kwamba hoja hizi ni nzito, na sitaki kujifanya mjuzi wa mahesabu ya watu wengine. Lakini nina maswali. Hao abiria wachache wamehesabiwaje? Ikiwa wamehesabiwa waliokata tikiti za ndege isiyokuwapo, basi lazima wawe wachache. Wahesabiwe walio ndani ya mabasi. Wahesabiwe wagonjwa wanaopelekwa Malindi na Mombasa, wanafunzi wanaofungua na kufunga shule, wafanyabiashara, maharusi, na sisi wa matanga. Si wote watakaomudu nauli, najua. Wapo watakaoimudu siku moja katika mwaka, siku ambayo haiwezi kungoja.

Tena, serikali ambayo imetumia mabilioni kuijenga Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021 ili kuzifikia Ethiopia na Sudan Kusini, haiwezi kutuambia kwamba kuifikia Malindi ni ndoto ya washairi. Kuurefusha uwanja wa Malindi kumezungumzwa kwa miaka mingi, ili upokee ndege kubwa kutoka ng'ambo. Na urefushwe. Lakini ndege ndogo ya kwenda Lamu haihitaji urefu huo. Ardhi ipo, lami ipo pande zote mbili, mnara upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na ratiba ya ndege zinazotoka Nairobi kwenda Malindi na zile zinazotoka Nairobi kwenda Lamu, akaona kwamba mara mbili au tatu kwa juma ndege moja inaweza kufanya kazi ya zote mbili, ikiipitia Malindi wakati wa kwenda. Kaunti za Kilifi, Tana River na Lamu zina magavana, na magavana hao hukutana. Kama kuna ruzuku ya kutolewa katika nchi hii, ni wapi inapostahili zaidi kuliko mahali ambapo njia ya nchi kavu hufungwa kwa maji mwaka huu na kwa bunduki mwaka ule? Nchi nyingine hulipia ndege na feri za kwenda visiwani kwa sababu hiyo hiyo, wala haziiti sadaka.

Na hadi siku hiyo itakapofika, ningeomba mabango na vitabu vya ratiba vituambie mwendo. Bango la Malindi lingeweza kusema: Mokowe, kilomita 220, saa tano hadi saba. Mgeni angejua asitoke alasiri. Mwenye mgonjwa angejua aondoke lini. Na mkubwa akipita hapo kila mwaka akaona saa saba hazijawa sita, huenda akaona haya.

Siku ile ya Agosti nilipanda basi. Lilipaswa kupita Malindi saa tatu, likapita saa tatu na nusu. Minjila tulingoja gari la polisi kwa saa nzima na zaidi, na hakuna aliyelalamika. Mara mbili tuliteremka, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi. Mwanamke aliyeketi kando yangu alipojua nilikokwenda alinipa chungwa, akasema, "Mola atakufikisha, kakangu," kisha hakunisemesha tena, na nilimshukuru kwa yote mawili. Tulifika Mokowe saa kumi na dakika kumi. Boti ilipogusa ngazi za Lamu nilitembea upesi kwenye vichochoro hadi makaburini, nikawakuta watu wakirudi, mikono yao ikiwa na mchanga. Binamu yangu aliniona, akasimama. Hakuniuliza nimetoka mbali kiasi gani. Aliniuliza, "Mumeshika ndia saa ngapi?"

Arubaini yake ilipokaribia, niliipigia simu mapema ofisi ile ile ya ndege. Nikaambiwa kwamba kwa bahati njema kutakuwa na ndege ya kutoka Malindi Alhamisi, na kwamba inaondoka saa nane na dakika ishirini. Nikamwuliza karani, saa nane za mchana au saa mbili asubuhi?

Alicheka kidogo, akasema, "Saa nane za ndege, mwalimu."